Sonbol Chini ya Kofia

Ijumaa, 12 Novemba
Nimeyapata! Natafuta chumvi ya achari stoo, nakuta soksi yangu kuukuu inaning'inia msumarini. Ndani yake matunguu matatu ya sonbol, ua letu la mwaka mpya. Mume wangu Faramarz aliyang'oa mwezi Juni majani yalipokauka, akayaanika, akayatundika. Agosti akafariki, akaniacha.
Nimeyapanda leo, kila moja na chungu chake, nikayapanga roshani. Ncha juu, kama nilivyomwona akifanya. Miaka thelathini na minne ananikataza kugusa vyungu vyake. Haya, njoo unizuie sasa.

Jumamosi, 22 Januari
Mawili yameoza! Nilikuwa nikiyamwagilia kila siku kana kwamba ni mrehani. Nimefukua, nimekuta uji mtupu, unanuka. Nimekaa sakafuni nikalia. Mwanamke mzima, analilia vitunguu.
Limebaki moja. Hili silitii maji tena, theluji inalitosha.

Alhamisi, 24 Februari
Kaja wifi Turan, dada mkubwa wa Faramarz. Kaona ncha ya kijani roshani, uso ukabadilika.
"Wifi, hii ni Noruz ya kwanza tangu tumzike. Watu wanakuja kutupa pole, wakute maua? Watasema hata mwaka haujaisha!"
Nikamwambia ua si langu, ni la kaka yake.
"Kaka yangu yuko makaburini," akasema, akavaa viatu. Chai hakuimaliza.
Desturi naijua, sihitaji kukumbushwa. Mwaka mpya wa kwanza wafiwa hatupambi meza. Nguo nyeusi, tende, halua, basi. Lakini tunguu halijui msiba. Na nikiliua hili nalo, sina tena kitu kilicho hai kilichopita mikononi mwake. Hilo ndilo linaloniogopesha, si maneno ya watu.

Jumanne, 8 Machi
Nimeharibu! Niliona linachelewa, nikaliingiza ndani, karibu na hita. Ua limetoka limebanwa katikati ya majani — halina shingo kabisa. Nimejitukana hadi nikachoka.
Halafu nikakumbuka. Yaliyodumaa Faramarz aliyafunika. Likikosa mwanga, alisema, litajinyoosha kuutafuta. Yeye alitumia mfuko wa karatasi. Mimi sikuwa nao. Kofia yake ya sufu bado iko mlangoni, pale pale alipoitundika.
Imeenea sawasawa.

Jumatatu, 14 Machi
Shingo imefika vidole viwili! Nafunua asubuhi, namsalimu, nafunika tena.
Nimeandika "namsalimu". Basi, sifuti.

Jumapili, 20 Machi
Mwaka unageuka leo saa moja jioni. Wageni watakuja baada ya hapo.
Turan kafika mapema kunisaidia, kabeba unga na zafarani yake, kwa sababu yangu haiamini. Tumekaanga unga pamoja. Mara akasema nakoroga kama natwanga. Nikamwambia kaka yake alikula miaka yote hiyo na hakufa kwa halua. Akacheka! Kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaenda sebuleni kupanga viti.
Na chungu kiko huko huko, juu ya kabati karibu na hita, sijakihamisha! Nilitaka kukificha chumbani. Nikasahau.
Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye mwiko. Viti vimeacha kuburuzwa.
"Wifi," anaita, "kofia ya kaka inafanya nini juu ya kabati? Mbona inanukia hivi?"
Nimechungulia. Kofia ameibana kifuani, na sonbol limesimama wima mbele yake, zambarau, limechanua lote. Ameinama. Pua iko ndani ya ua, mabega yanatetemeka.
Nimerudi jikoni. Sikuweza kuangalia.
Sasa hatua zake. Amekibeba chungu, nasikia akizunguka nacho sebule nzima. Sijui anakitafutia pa kukiweka au pa kukificha.
"Wifi!" Sauti yake imekwaruza. "Faramarz alikuwa akikaa kiti kipi?"
Halua na iungue.