Daftari Ndani ya Debe la Mchele

Mpendwa Apa Shaista, dada yetu mshauri wa gazetini, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nimefanya jambo na sijui nitalitenguaje.

Mume wangu Irtiza ni fundi saa hapa Bhopal, lakini watu wanamjua kwa ghazali moja, shairi la mapenzi alilomtungia Farkhanda, binti aliyempenda kabla hajanioa, na kila baraza la mashairi akisoma mapya wanamsikiliza kwa adabu tu, kisha wanaitaka ile ya zamani, na mimi niko upande wa wanawake nasikia wanaume mia mbili wakisema "rudia, rudia" juu ya macho ya mwanamke mwingine, mpaka siku moja jirani yangu akaniuliza, "Ni wewe huyo, wifi?" nikaitikia kwa kichwa, Apa, nikadanganya. Hata nyumbani haiachi, kila siku anairekebisha, macho yalikuwa ya kijivu, mwezi uliopita akayafanya meusi ati kijivu kilizidisha mizani. Sasa amealikwa Jumapili kusoma mbele ya kaka zangu wote, nami nimelificha daftari lake lenye ghazali hiyo ndani ya debe la mchele. Juzi aliniuliza, "Hujaliona?" nikasema sijaliona, akaniangalia sana, na tangu hapo hatuongei ila habari za chai na chumvi. Mara mbili nimeshika kiberiti.

Mwenye Debe, Bhopal

Mwenye Debe, weka kiberiti chini kwanza ndipo usome.

Nakuonea huruma. Kumsikia mwanamke mwingine akisifiwa kwa kinywa cha mumeo kunauma, sitakuambia hakuumi. Lakini umemwibia mtu kazi yake ukamdanganya usoni, na anajua. Kimya hicho umekileta mwenyewe.

Sasa soma tena barua yako. Farkhanda alikuwa na macho ya kijivu, mumeo akayatia weusi ili mizani itimie. Mwanamume anayempenda mwanamke hambadilishi macho, bibi, anaacha mizani iharibike. Irtiza anaipenda ghazali yake. Yule dada alishatoka humo siku nyingi, ni wewe tu unayemng'ang'ania.

Leo hii toa daftari, lipanguse, mpe mkononi, useme, "Nililificha mimi, niliona wivu." Usiongeze neno, wala usimwombe akutungie yako. Jumapili kaa mbele kabisa upande wenu, na akifika kwenye macho, kaka zako wasikutangulie kusema "rudia."

Na jirani akikuuliza tena, mwambie, "Siyo mimi. Mimi ndiye mkewe."