Wakili wa Nyota Tano

Colby, si nilikutambia asubuhi kwamba mawakili wote wa Toledo wako kiganjani mwangu? Kwamba nitampatia kaka Emmett wakili mtandaoni kabla kahawa haijapoa?

Nilimpata. Nyota tano, na mazungumzo ya kwanza bure kwa video.

Nikamwaga yote. Kwamba mwenye nyumba anataka kumtoa Emmett kwa sababu ya kufuga mbwa bila ruhusa, na kwamba mbwa kweli yupo, huwa tunamficha kwangu mkaguzi akija.

Ndipo akauliza, "Mwenye nyumba ni nani?"

"Bi. Pruitt."

Akaweka kalamu chini. "Kijana, usiongeze neno. Huyo ni mteja wangu."

Mteja wake, Colby. MTEJA WAKE.

Akakata. Nikabaki nimekaa tu, sina hasira, sina machozi, kama gogo.

Kumbe Emmett kasimama mlangoni, mbwa kampakata. "Umemwambia tunamficha?"

Nikaisingizia tovuti. Nikasema ingeuliza mapema jina la mpinzani, haya yasingetokea.

Binti yake Maisie yuko kwenye sofa anakula, hata kichwa hakuinua.

"Iliuliza, ba'mdogo. Ukasema hayo maswali ya wazee, ukaruka."