Nailoni Ubavuni mwa Boti

Fundi Ambakisye,

Boti ya usharika haikuoza kwa kosa lako. Nimelijua hilo tangu mwanzo na nimelificha kwa miaka kumi na mmoja. Wewe umeingia kaburini kwenu Kyela ukiamini kwamba mbao zilikudanganya. Sasa moyo wangu unashindwa kupanda ngazi tatu za nyumba ya binti yangu hapa Iringa, daktari ameacha kunifariji, na sioni tena faida ya kuonekana mtu mwema.

Nakuandikia kwa sababu juzi walikuja, kamati ya boti. Ndiyo, wanajenga nyingine. Walikaa kwenye makochi wameshika vikombe kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Katibu wao ni mwanafunzi wangu wa zamani. Kemia ilimshinda tangu kidato cha pili. Siku hizi ana kitambi na simu mbili. Aliweka makopo mawili mezani: moja vanishi yenye picha ya meli nyeupe, la pili vanishi yenye picha ya meli nyeupe zaidi.

"Mwalimu, mtaalamu ni wewe. Tuchukue ipi? Maana yale mafuta ya yule Mnyakyusa hatutaki hata kuyasikia."

Wakacheka. Hata mchungaji mpya, ambaye hakuwahi kukutia machoni, alicheka.

Meli nyeupe! Bwawa la Mtera lina visiki, lina viboko, lina upepo wa mchana unaowakosesha akina mama wa kwaya sauti, na wao wanachagua kinga ya mbao kwa picha ya kopo. Ningewadharau zaidi kama si mimi niliyewafundisha kuchagua hivyo.

Unakumbuka kikao kile. Ulikuja na kopo lako jeusi la mafuta ya alizeti yaliyochemshwa pamoja na utomvu wa misindano, ile misonobari ya Mufindi. Ulisema yapakwe yakiwa ya moto, membamba, safu moja ikauke ndipo ifuate nyingine, na kila mvua zikiisha yapakwe tena. Boti haitang'aa, ulisema, itakuwa na rangi ya ugoro, lakini itatuzika sote. Nikasimama, mwenyekiti wa kamati, mwenye shahada yangu.

"Fundi, hayo ni mafuta ya kukaangia maandazi. Tunajenga boti au mgahawa?"

Wazee wakacheka. Ukawasubiri wamalize.

"Mwalimu, maandazi yangu yanaelea. Ya kwako tutayaonja."

Wakacheka zaidi, na safari hiyo walikuwa wananicheka mimi. Nimechunguza dhamiri yangu kwa muda mrefu, na nakuhakikishia kwamba chanzo ni hapo. Mtu amesoma miaka yote ile, akaja kuiuza roho yake kwa sababu ya maandazi.

Kamati ikapitisha vanishi. Hukununa. Ulisema vanishi si adui, ila inataka mbao kavu, kwa sababu mafuta huiacha mbao ipumue, vanishi hufunga mlango. "Ukitaka kufunga mlango, Mwalimu, hakikisha kwanza mwizi hayumo ndani." Ukakata kipande cha nailoni, ukakibana ubavuni mwa boti kwa fito nyembamba na misumari midogo, pande zote nne, upande unaopigwa na jua. Ndani kukionekana matone, maji bado yamo kwenye mbao, tusubiri. Nailoni ikishinda siku nzima haina tone, tupake. Mimi nilikuwa nimeuchora ubaoni, mwaka hata mwaka, mvuke unaogeuka matone. Sikuwahi kudhani una kazi nyingine zaidi ya kuulizwa kwenye mtihani.

Jioni zile tulikaa kwenye magogo, mimi na ulanzi wangu, wewe na chai yako. Ulanzi uliukataa hadi mwisho. "Mwanzi unawagemea pombe wenyewe, ninyi mnakinga tu. Ndiyo maana Wahehe hamjui kazi." Nilikupenda, Fundi. Hilo halipunguzi kitu, lakini ni kweli.

Kisha shangazi yako akafariki, ukaondoka, na msiba wa Kinyakyusa hauna haraka. Ulipopanda gari ulinishika mkono. "Nailoni nakuachia wewe. Hawa wengine hawana subira."

Askofu alikuwa anakuja Jumapili kuibariki boti. Alhamisi niliwaambia vijana wapake. Wakapaka mara tatu, na Jumapili boti iling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Askofu akajiona uso ubavuni mwake, akatabasamu, akasema hii ni kazi ya msomi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hakuna kitu kichafu duniani kama unyenyekevu wangu wa siku ile.

Uliporudi ulipitisha kiganja juu ya vanishi, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Ukaniuliza kama niliiangalia nailoni.

Nikasema, "Ilikuwa kavu."

Ukaniamini. Papo hapo. Hata kunitazama mara ya pili hukunitazama.

Mvua mbili hazikupita, vanishi ikafura malengelenge, na chini yake mbao ikawa laini, unaichimba kwa kucha. Siku ubao ulipoachia, kwaya ya akina mama ilikuwa katikati ya bwawa. Walikomba maji kwa sufuria za pilau hadi wakafika. Mmoja alivunjika mkono. Nikaandika taarifa, kwa Kiswahili safi, kwamba fundi alitumia mbao mbichi. Ikasomwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa.

Ukasimama kwenye benchi la nyuma. Nilitamani unitukane. Ulisema hivi tu: "Kama nailoni ilikuwa kavu na mbao zimeoza, basi mimi mbao sizijui tena. Nisameheni." Ukafungasha randa na patasi zako. Baadaye nilisikia kwamba huko Kyela hukugusa tena boti, unatengeneza vitanda. Vitanda, Fundi! Mikono ile! Nami nikapewa khanga na mbuzi siku ya kustaafu uenyekiti, nikavipokea.

Msibani kwako sikuja. Nilisema ni presha. Presha sikuwa nayo wakati ule.

Sasa sikiliza nitakachofanya. Makopo yao mawili yako chini ya kitanda changu, na hawatayapata. Barua hii binti yangu ataipeleka kwa mchungaji, na itasomwa Jumapili mahali palepale, baada ya matangazo ya ndoa, nikiwa hai au nikiwa sandukuni. Nimemwandikia katibu kwenye karatasi nyingine jinsi ya kubana nailoni, kwa maneno mepesi, maana namjua. Nimemwandikia pia kipimo cha alizeti na utomvu, jinsi ulivyonionyesha. Boti yao mpya itapakia watu. Wakinidharau, watakuwa wamejifunza kitu cha kwanza cha maana kutoka kwangu.

Pumzika, Fundi wangu. Sikuombi unisamehe, nimeomba vya kutosha katika maisha yangu na nimepewa kuliko nilivyostahili. Nakuomba uzirudie mbao zako. Hazikukudanganya hata mara moja.

Alhamisi ile nilikwenda bwawani peke yangu, saa saba mchana, jua likiwaka. Nikainua ukingo wa nailoni. Haikuwa kavu. Maji yalinitiririka kiganjani hadi kwenye mkono wa shati. Nikatoa leso, nikafuta ubavu wa boti, nikafuta na nailoni, ndipo nikawaita wapakaji.