Swali la Nura Kuhusu Theluji

Shikamoo Da Zuhura, hamjambo nyote?

Huku Doha ni wiki ya somo la baridi katika darasa la kwanza ninalosaidia. Jua linawaka, watoto wamevaa makoti, nasi tunabandika pamba dirishani tukiiita theluji. Nimechanganyikiwa!

Jana Nura, ambaye hakuwa amesema neno darasani tangu shule ifunguliwe, alinivuta baibui.

“Mwalimu, theluji ina harufu gani?”

Darasa zima likanigeukia mimi, mtu wa Pemba!

“Wallahi sijui, mwanangu.”

“Hata mimi sijui!” akasema, akacheka, na hakunyamaza tena mpaka kwao wakaja kumchukua. Mwalimu wa darasa akanikumbatia huku analia. Mpaka sasa sielewi nilifanya nini.

Nibusie mama. Nimewakumbuka mno.

Mdogo wako, Asha