Ngumi Isiyoonekana

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki ya viungo bandia tena. Fundi — mimi humwita Bwana Tulia, maana neno lake ni hilo hilo — kanibandika vibati viwili kwenye kigutu, kimoja upande wa ndani, kimoja wa nje. Msuli ukikaza, mstari unapanda kwenye skrini. Mwekundu ni kufunga, kijani ni kufungua. Mwekundu unapanda wenyewe, wala sijajitahidi! Wa kijani umelala chali.

Eti nifikirie mkono wangu uliokatika, kisha niufungue. Nikamwambia hautaki. Toka siku ya ajali umekunja ngumi. Haupo, lakini nauhisi, kucha zimezama kiganjani. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Ijumaa daktari mkuu anapima. Kijani kisipopanda, mkono bandia wa betri, unaofunga na kufungua, anapewa mwingine kwenye foleni. Mimi nitabaki na ule wa plastiki, wa kutazamwa tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu mbele ya kioo. Jikoni. Chooni. Fungua! Fungua wewe! Mume wangu kachungulia, kauliza nagombana na nani. Na mkono, nikasema. Akasema anauonea huruma, ugomvi wangu anaujua.

Nimecheka, halafu nikalia. Sitaki pambo! Nataka kushika fungu la nywele za mwanangu nimsuke. Leo kaenda shule na kofia.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna kitu. Ngumi ni ile ile.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Tulia kaniuliza: siku ile mkono ulikuwa umeshika nini?

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza. Chumba cha kufulia cha hoteli, mashine ya kunyoosha mashuka, zile rola zake za moto zinazovuta nguo. Aproni ya wifi yangu ilinaswa. Nikaikamata, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nasikia kamba zilikatika, wifi akaanguka nyuma, mzima. Aproni ikaenda na mkono wangu. Mimi nilishazimia. Sikumwona akitoka.

Bwana Tulia kavibandua vibati. Kisha: mlete huyo wifi.

Nimlete! Hajakanyaga kwangu toka ajali. Kila tukimpigia, yuko safarini. Safari gani isiyofika? Ni aibu tu, najua, na inaniuma. Leo nimempigia kwa simu ya jirani, akapokea. Nikamwambia aje kesho kliniki. Halafu kaniuliza atanitazamaje. Kwa macho, nikamwambia, yanatosha! Hakuahidi kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha vipimo. Mkono wa kushoto unaandika kama mlevi. Kigutu kinavuja jasho, na Bwana Tulia anasema jasho linavuruga vibati. Tulia, mama. Nitulie vipi?

Wifi kaja! Kakonda. Kakaa mwisho wa benchi, anatazama viatu vyake.

Kasogea. Kakishika kigutu kwa mikono yote miwili. Kwa sauti ndogo kasema: wifi, nilitoka. Niko hapa. Niachie basi.

Nalia, na yeye analia. Kuna kitu kimelegea — kidole cha mwisho, kile kidogo! Vingine bado vimeshika. Kidogo tu, Mungu wangu, muda kidogo tu.

Wananiita. Bwana Tulia anasema ndugu haruhusiwi kuingia.

Wananiita tena. Nimemwambia wifi naenda, nimesimama kabisa. Sasa yeye ndiye haachii.