Maharagi ya Mwalimu Anselme

Mwaka umezunguka, Mwalimu Anselme, baba yetu. Umezunguka mupaka ile siku ulienda Komanda kutafuta betri nzee za radio, ukarudi nyuma ya lori, umefunikwa na kitenge ya mutu asiyekujua. Mutu yule, Mungu amubariki. Asubuhi ile uliondoka bila kumaliza chai yako, na tangu hapo mama Immaculée hakubali mutu aache chai kwa kikombe.

Watu wa Rwambuzi, mutaa wetu, wanakukumbuka kwa harufu. Ulikuwa unanuka Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo! Shati zako zote zilikuwa na madoa meupe, na mama alikuwa anakuchongea mbele ya wageni: "Miye niliolewa na mwalimu wa kemia, sasa ninalala na sakafu ya hospitali." Weye ulikuwa wa kwanza kucheka. Kwa korali ulikuwa unaimba vibaya, kwa nguvu, bila haya, na hakuna aliyekuwa na roho ya kukuambia. Tunaikosa ile sauti mubaya.

Harufu ilitoka kwa pipa yako nyuma ya nyumba. Uliona watu wa bustani wanaosha pompi za dawa ya kuua majani ndani ya kijito, maji ile ile watoto wanaogea. Bata wa majirani wakafa. Haukugombana na mutu. Uliwaambia tu, "Maji ya kuoshea pompi, muniletee miye." Wakakuletea kwa bidoni, yale madumu ya plastiki. Ulikuwa unaimwaga ndani ya pipa, unatia chumvi kidogo, unashusha vijiti nyeusi ulivyotoa ndani ya betri, kisha unafungua umeme ya jua toka kwa panno ya juu ya nyumba. Umeme inapita ndani ya maji ya chumvi na kukata dawa vipande vipande. Ndivyo ulituelezea. Siye tulikuwa tunaona povu tu.

Lakini haukuamini macho. "Maji kuwa nyeupe si kuwa safi," ulikuwa unasema. Uliiacha ipumzike kwa jua mupaka harufu iishe, kisha binti yako Vanessa anapanda maharagi kwa kopo mbili: moja ya kunyweshwa maji ya mvua, ingine maji ya pipa. Yote mbili ikiota sawasawa, unapanda juu ya jiwe, unapigia majirani kelele juu ya lupango, ule ua wetu: "Mashahidi wamesimama!" Hapo tu njo ulikuwa unaachilia maji iende kwa kijito. Kama ya pipa imepinda, unarudisha maji kwa umeme. Na maharagi ya soko haukuitaka, juu wanaichanganya na dawa ya wadudu. Ikikataa kuota, hautajua kosa ni ya maji ao ni ya mbegu. Yako ilitoka kwa shamba la mama yako, karibu na Nizi, kule vita ilitufukuza, hatuwezi tena kurudia. Ilibaki mufuko moja.

Siku ya kilio chako, wamama wa jirani waliingia jikoni kama desturi inavyotaka, kwa kuwa nyumba ya musiba haipiki. Walichukua kila kitu walikuta. Walichukua chumvi yako, wakachukua na ule mufuko. Vanessa aliletewa sahani, akatambua ile maharagi nyekundu yenye jicho nyeupe. Watu walikuwa wanakula, wengine walitoka mbali na njaa. Angesema nini? Alikula. Alikuwa anakula na kulia, na watu wakafikiri analilia weye tu.

Kisha, baba, ilikuwa mbaya. Bidoni zilijaa uwanja. Kuwasha umeme Vanessa alijua, lakini alikataa kuachilia maji. "Sina shahidi," alikuwa anajibu. Alijaribu maharagi ya soko, ikakataa kuota hata kwa maji ya mvua. Willy, yule wa bustani uliyemupenda, alichoka kungoja. "Binti, miye niko na mboga, siko na mwaka ya kungojea maharagi." Akarudia kuosha pompi kwa kijito, wengine wakamufuata. Vanessa alikuwa anawaona toka dirishani. Kwake ilikuwa kama kukuzika mara ya pili.

Mama Geneviève, aliyepika siku ile, alipopata habari alishika kichwa. "Yesu wangu! Kumbe nilipika mashahidi?" Akalia sana. Halafu akakumbuka: weye mwenyewe ulimupa konzi moja ya mbegu ile alipokimbia vita kule Djugu, apande kando ya nyumba, asikie utamu wa kwao. Siye hatukujua. Mambo ya kutoa haukuwa unaisema. Mvua ilipoanza, alikuja na mbegu aliyovuna, imefungwa kwa pembe ya kitenge, akaimwaga ndani ya mikono ya Vanessa.

Mara ya kwanza, ya mvua iliota, ya pipa ikapinda. Vanessa hakulia. Alirudisha maji kwa umeme vile ulimufundisha, akapanda tena. Asubuhi moja mama Immaculée alikuwa anakunywa chai, akasikia mutoto wenu juu ya jiwe lako, na sauti mubaya kama yako: "Mashahidi wamesimama!"

Willy akajibu toka bustani, ngambo ya lupango: "Tumesikia, Mwalimu!"

Mama alikaa chini. Siku ile moja, chai yake ilibaki kwa kikombe.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi asubuhi, kwa parokia yetu. Watakaokuja nyumbani kisha watakula fufu na sombe ya majani ya muhogo. Maharagi, hapana: Vanessa ameifungia ndani ya valizi ya nguo zake, na ufunguo anauvaa shingoni.

Wanaokulilia ni mama Immaculée mujane wako, Vanessa binti yako, mudogo wako Nathanaël, na mama Geneviève, ambaye sasa ni mutu wa nyumba hii.

Lala, Mwalimu. Bidoni zinarudi kwa pipa, maji inashuka kwa kijito, na mashahidi wako wangali wamesimama. Hatutakusahau hata siku moja.