Maelezo Kuhusu Mwanafunzi Aliyekutwa na Trei ya Mikate

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada, mtaani anaitwa Mama Tanuri. Umri: miaka 58. Kazi: mwoka mikate, mwenye duka. Makazi: nyuma ya duka hilo hilo.

Nimeapa kusema kweli, na kweli yenyewe si ndefu. Yule binti mliyemweka ndani hakuwa kazini. Mimi ndiye niliyemtia trei mkononi.

Binti huyo ni mwanafunzi kutoka nje ya nchi, yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea mambo ya maabara. Amepanga kwangu chumba cha uani. Viza yake ya masomo inamruhusu kuishi hapa, ila kufanya kazi ni mpaka awe na kibali. Kibali alikuwa nacho, akinisaidia dukani Jumamosi. Kimeisha mwezi uliopita. Ameomba kipya, bado hakijatoka. Siku kilipoisha nilimwambia mbele za wateja, "Mwanangu, kuanzia leo hata makombo usiyaokote." Akatii. Ni mtoto wa kutii mpaka anakera.

Mnamo Jumanne, saa kumi jioni, alikuja kwenye mlango wa jiko la kuokea. Alikuwa amesahau ufunguo wa chumba. Wa akiba ulikuwa mfukoni mwangu, nami nilikuwa nakanda, unga umenifika viwikoni. Nikamwambia avae aproni, aje auchukue mwenyewe. Kwangu haingii mtu jikoni bila aproni, awe nani.

Kabla hajanifikia, kengele ya tanuri ikalia. Mfanyakazi wangu alikuwa nje anapakua magunia. Nikajifuta mikono, nikavuta trei ya kwanza, nikamrushia binti vitambaa: "Hebu shika hapa!" Afande, mimi ndivyo nilivyo. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwangu hata dakika mbili hamalizi. Akasema, "Mama, kibali changu..." Nikamkatiza, "Kibali gani na mikate inaungua!" Akashika.

Hapo hapo wakaingia wakaguzi wawili wa kazi. Mkubwa wao akamuuliza, "Wewe unafanya kazi hapa?" Binti akajibu, "Huwa nafanya, lakini si leo." Mkaguzi akaandika "huwa nafanya," kalamu ikasimama. Nilikuwa karibu, niliona.

Sasa hili liandike vizuri. Trei ya pili ilikuwa bado ndani. Mkaguzi nilikuwa nimeshamvalisha aproni pale mlangoni, maana sheria ni sheria. Nikaivuta trei, nikamwambia, "Na wewe baba, shika hapa!" Akashika! Tena akaniuliza aiweke wapi. Mwenzake alicheka hadi akaegemea ukuta, muulizeni. Basi kama kushika trei ndiyo ajira, yule mkaguzi naye ni mfanyakazi wangu, na hajaniletea cheti cha afya.

Nasema kwa mzaha, lakini moyo unaniuma. Walipomchukua hakulia. Alivua aproni, akaikunja, akasema, "Pole, Mama." Yeye ndiye ananipa pole mimi! Niliona aibu, nikakosa pa kuuficha uso. Mama yake yuko mbali, aliniambia kwa simu, "Dada, nimekukabidhi." Viza ikifutwa, binti anarudishwa kwao bila cheti, na mtihani wa mwisho ni Jumatatu. Yote kwa mdomo wangu. Hilo sikubali hata kidogo. Kama kuna mwenye kosa ni mimi. Niandikieni faini, duka mnalijua lilipo. Yeye mrudishieni hati yake akasome.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nimeyatambua kuwa ni yangu, natia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, Jumatano asubuhi. Shahidi aliambiwa anaweza kwenda nyumbani, akakataa, akakaa kwenye benchi la mapokezi. Baadaye mkaguzi aliyetajwa alifika kituoni, akasomewa maelezo haya, akakiri kuwa alishika trei. Mwanafunzi ameachiwa na kukabidhiwa hati yake ya kusafiria pamoja na vitu vyake. Shahidi alimpokea mlangoni kwa maneno haya: "Usishike kitu. Begi nabeba mimi."